Skrini Ikizima, Fuata Umeme Kwanza

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, siku ya kazi ya watu wengi huanza kwa kutazama kisanduku kidogo cha plastiki kilichopigiliwa ukutani. Hiyo ni kontrola ya sola. Skrini yake huonyesha volti za betri, na pia kama paneli inachaji na kama taa zina umeme. Kinyozi huitazama kabla ya kushika mashine. Mwenye kibanda cha kuchaji simu huitazama kabla ya kupokea simu za wateja. Skrini hiyo ikikutwa tupu, hukumu hutoka haraka: kontrola imekufa, nunua nyingine.

Hukumu hiyo hukosea mara nyingi, na makosa yake hulipiwa na watu wasioweza kumudu hasara. Mara nyingi skrini tupu inatuambia jambo moja tu, kwamba umeme haujaifikia au umeifikia ukiwa dhaifu. Haituambii umekatikia wapi. Mahali ulipokatikia hupatikana kwa kupima hatua kwa hatua, kuanzia betri. Upungufu mkubwa wa Nakivale katika suala hili ni upimaji. Vipuri vipo katika jiji la Mbarara, na wauzaji wapo. Mtu wa kusema kwa uhakika ni kipi kilichoharibika ndiye adimu.

Volti 12 za kila mahali

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo inakaliwa na Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, kwa hiyo vibanda, saluni, maduka na vijiwe vya bodaboda vimeenea kuanzia kanda ya Base Camp hadi kanda za Juru na Rubondo. Nyumba na biashara nyingi huko hutegemea jua: paneli juu ya bati, betri sakafuni, kontrola ukutani.

Mfumo huo ni wa volti 12, na volti hizo hizo ndizo zinazoendesha dashibodi ya pikipiki. Ndizo pia zinazoendesha vyombo vya boti ndogo za injini, kama zile zinazowatembeza watalii majini. Eneo lenyewe lina maji ya kutosha. Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo, ambalo wageni hulizuru kwa boti ndani ya hifadhi ya taifa, ni sehemu ya ardhi oevu moja iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Popote duniani, fundi wa boti ya matembezi anayekuta dashibodi imezima ana njia ile ile ya kufuata kama fundi wa sola wa Nakivale: betri, fyuzi, swichi, waya wa kwenda, waya wa kurudi, kisha skrini yenyewe.

Kinachotofautiana ni adui. Majini ni unyevu unaopanda ndani ya viunganishi na kuvilisha kutu ya kijani. Kwenye pikipiki ni mtikisiko wa barabara za vumbi na usukani unaopindwa kulia na kushoto siku nzima mpaka waya ukatike ndani ya ganda lake. Nyumbani ni joto la bati, vumbi, na sisimizi wanaojenga ndani ya kisanduku chenye uvuguvugu. Anayeijua njia ya umeme huhitaji tu kuuliza adui wa mahali pale hupenda kushambulia wapi.

Skrini hupata wapi nguvu zake

Watu wengi hudhani kontrola hulishwa na paneli. Kontrola nyingi za kawaida hulishwa na betri. Betri ikiwa imekauka kabisa, skrini inaweza kubaki tupu hata saa sita mchana jua likiwa kali, kwa sababu kontrola haina nguvu ya kuamka na kuanza kuchaji. Hii ndiyo sababu maelekezo ya watengenezaji wengi husema betri iunganishwe kwanza, paneli baadaye, na taa mwisho. Wakati wa kufungua, mpangilio hugeuzwa: taa, paneli, halafu betri.

Ndani ya kisanduku, volti 12 hushushwa hadi volti 5 au chini yake ili kulisha ubongo wa kontrola na skrini. Skrini ya kioo kimiminika, ile ya tarakimu nyeusi, haitoi mwanga wake yenyewe. Huhitaji taa ndogo nyuma yake. Kwa hiyo kuzima si jambo la aina moja, na aina hizo hutofautishwa kwa tochi ya simu. Zima mwanga wa chumba, washa tochi, imulike skrini kwa mshazari, huku ukiinamisha kichwa upande. Ukiona tarakimu hafifu zinasoma 12.4, kontrola inafanya kazi na kilichokufa ni taa ya nyuma tu. Ukiona baadhi ya vipande vya tarakimu na vingine havipo, shida mara nyingi iko kwenye mguso kati ya kioo na bodi, na usafishaji wa makini unaweza kuirudisha skrini. Usipoona chochote, ndipo safari ya kuufuata umeme inapoanza.

Kuna aina ya nne inayowadanganya wengi. Kioo cha aina hii kikipata joto kupita kiasi hugeuka cheusi chote, na kikipoa hurudi. Kontrola iliyofungwa chini kidogo ya bati, au dashibodi ya pikipiki iliyoegeshwa juani mchana kutwa, inaweza kuonekana imeharibika saa nane na kuwa nzima saa moja usiku. Kabla ya kuihukumu, ipoze kivulini.

Mahali umeme unapopotelea

Anza kwenye betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 11.8 imekwisha, na kuiacha hivyo kwa siku nyingi huiua. Kontrola nyingi hukata taa na mizigo mingine betri ikikaribia volti 11 ili kuilinda, lakini skrini huendelea kuwaka hadi chini zaidi. Ukikuta taa zimekatwa huku skrini bado inaonyesha tarakimu, kontrola inatimiza wajibu wake. Shida iko kwenye matumizi, kwenye paneli au kwenye betri iliyozeeka.

Kinachofuata ni fyuzi, pamoja na nyumba yake. Fyuzi inaweza kuwa nzima na bado umeme usipite, kwa kuwa vibanio vyake vimelegea au vimepata kutu. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Iliungua kwa sababu mkondo ulizidi, na ukiipa njia isiyoungua, kitakachoungua safari ijayo ni waya ndani ya ukuta wa miti na udongo ambamo watoto wamelala.

Halafu vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale ni ukuta kati ya umeme na waya. Hukwanguliwa na kuoshwa kwa maji yenye magadi, kisha hukaushwa na kukazwa. Kichwa kinachozungushika kwa vidole ni kosa tosha la kuizima skrini kila mzigo mkubwa unapowashwa.

Kisha urefu na unene wa waya, ambao ndio chanzo kisichotajwa sana. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita. Betri ikiwa mita 10 kutoka kontrola, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi, hivyo ukinzani hufika karibu omu 0.24. Mkondo wa ampea 5 ukipita hapo, volti 1.2 hupotelea njiani. Betri inayosoma 12.2 hufika kontrola ikiwa 11.0, na kontrola hukata mizigo ikiamini betri imekwisha. Mwenye duka hununua betri mpya, na tatizo linabaki, kwa sababu betri haikuwa na kosa. Dawa yake ni kuisogeza kontrola karibu na betri au kutumia waya mnene zaidi.

Kwenye pikipiki, baada ya betri na fyuzi, fundi mzoefu huenda moja kwa moja kwenye shingo ya usukani. Huwasha swichi, huukunja usukani polepole hadi mwisho upande mmoja, kisha mwingine, huku akiangalia dashibodi. Ikiwaka na kuzima, waya umekatika ndani ya mpira pale unapopinda. Huangalia pia waya wa arthi unaofungwa kwenye chuma cha fremu, kwa sababu umeme usio na njia ya kurudi haufanyi kazi yoyote.

Kwenye boti za kisasa kuna hatua moja ya ziada. Skrini zake nyingi huungwa kwenye mtandao mmoja wa kebo uitwao NMEA 2000, unaolishwa na waya wake wenye fyuzi yake. Fyuzi hiyo ikiungua, skrini zinazoutegemea huzima kwa pamoja ingawa injini inanguruma. Miisho miwili ya kebo huwa na vizuizi vya omu 120 kila kimoja. Fundi hukata umeme, hupima kati ya nyaya mbili za mawasiliano, na hutarajia omu 60. Akipata 120, kizuizi kimoja kimepotea au kimekatika. Kipimo kimoja kinamwepusha kununua skrini ya bei kubwa.

Kipimo kisicho na mzigo hudanganya

Hapa ndipo hata mafundi wenye mita huteleza. Wanaweka ncha za mita kwenye mdomo wa kontrola, wanasoma 12.4, wanahitimisha kwamba umeme upo na kontrola imekufa. Mita huvuta mkondo mdogo mno. Kiunganishi kilichooza, kilichobaki na unyuzi mmoja wa shaba, kinaweza kuionyesha volti zote 12 na kushindwa kulisha hata skrini.

Njia ya kuaminika ni kupima huku mzigo ukivuta. Chukua balbu ya indiketa ya pikipiki ya wati 10, iungie nyaya mbili, igusishe kwenye vituo vya betri vya kontrola, na usome mita papo hapo. Volti zikibaki juu ya 12 na balbu ikiwaka sawasawa, njia ni nzima na sasa una haki ya kuishuku kontrola. Zikiporomoka hadi 4 na balbu ikafifia, kontrola haina hatia. Kosa liko nyuma yake. Balbu ikiendelea kuwaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya kontrola. Waya mzuri utaonyesha sehemu ndogo tu ya volti. Ukisoma volti 1 au zaidi, sogeza ncha ya pili kurudi nyuma kiungo kwa kiungo. Kiungo ambacho ukikivuka namba inashuka ghafla ndicho mgonjwa. Rudia upande wa hasi.

Kazi hiyo yote haichukui muda mrefu, na vifaa vyake ni mita ya bei nafuu, balbu na nyaya mbili. Inampa mwenye mali jibu analoweza kuliona kwa macho yake, na hilo humlinda mteja na fundi mwaminifu pia.

Skrini inapokuwa imekufa kweli

Zipo skrini na kontrola zinazokufa, na mara nyingi zimeuawa na kitu kinachoendelea kuwepo. Paneli ya mfumo wa volti 12 yenye seli 36 hutoa zaidi ya volti 20 isipokuwa na mzigo. Betri ikikatika jua likiwa kali, volti hizo huweza kuingia kwenye kontrola duni na kwenye vifaa vilivyoungwa nayo. Kubadilisha chanya na hasi kwa bahati mbaya huua kwa sekunde kontrola isiyo na kinga. Radi ikipiga karibu, waya mrefu wa kutoka kwenye bati hubeba msukumo hadi ndani.

Kwenye pikipiki muuaji mkubwa ni regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti za chaji. Ikiwa nzima, injini inapozunguka betri husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiharibika inaweza kupandisha volti kupita 16, na balbu, betri na dashibodi ya kidijitali huungua kwa zamu. Dereva anayefunga dashibodi mpya bila kupima chaji anaiandaa kwa kifo kile kile. Kwa hiyo kabla ya kuweka kipya, tafuta kilichoua cha zamani.

Kuna pia vifaa vilivyofungwa kwa makusudi. Mfumo wa kulipia sola kidogokidogo kwa simu, uliosambazwa Afrika Mashariki na kampuni kama M-KOPA, iliyoanza biashara nchini Kenya mwaka 2012, humruhusu mwuzaji kukizima kifaa malipo yakichelewa. Kifaa hicho hakina ubovu, na kukifungua kwa bisibisi huharibu dhamana bila kukirudisha. Vivyo hivyo, betri za lithiamu zilizofungwa ndani ya visanduku vidogo zina ulinzi unaokata umeme zikiisha sana. Mita itasoma 0, na chaja sahihi inaweza kuziamsha. Hizi zisitobolewe wala kulehemiwa mtaani, kwa sababu zinaweza kuwaka moto.

Kwa nini bado tunanunua

Ikiwa upimaji ni rahisi hivi, kwa nini kontrola nzima zinatupwa? Sababu ya kwanza ni jinsi fundi anavyolipwa. Mteja hukubali kulipia kipuri anachokishika mkononi, lakini husita kulipia dakika 20 za kupima zilizomalizika kwa kukaza skrubu moja. Fundi anayesema ukweli hupata kidogo kuliko anayeuza. Tukiendelea kulipa hivyo, tutaendelea kuuziwa.

Ya pili ni umbali. Mbarara iko kilomita zipatazo 60 kutoka Nakivale. Ndiko kwenye maduka makubwa ya vipuri. Kwenda na kurudi ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Mtu akishafika huko hataki kurudi kupima. Hununua kila anachodhani kinaweza kuwa chanzo, kisha hugundua nyumbani kwamba alihitaji fyuzi tu.

Ya tatu ni maandishi. Mwongozo unaokuja ndani ya boksi aghalabu ni wa Kiingereza au Kichina, kwa herufi ndogo. Mama wa Kikongomani aliyesoma kwa Kifaransa na anayefanya biashara kwa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba betri ilitakiwa kuunganishwa kwanza.

Gharama ya makosa haya imepanda. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba, kwa kukosa fedha, linawaondoa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwenye msaada wa chakula. Kibanda cha kuchaji simu kilichokuwa cha kuongezea kipato kimekuwa, kwa baadhi ya familia, ndicho chungu chenyewe. Kikilala siku tatu kwa sababu ya nyumba ya fyuzi yenye kutu, kuna watoto wanaokula mara moja kwa siku.

Ni kweli kwamba si kila kitu kinastahili kutengenezwa. Kontrola ndogo ya bei ya chini iliyoungua bodi yake haifai kupotezewa saa za fundi, na kulehemu vipande vidogo vya bodi huhitaji ujuzi na vifaa ambavyo wengi hawana. Mwuzaji anayeshauri kununua mpya huenda yuko sahihi. Lakini ushauri huo unapaswa kuja baada ya kipimo. Kutupa bila kupima kuna bei nyingine pia. Uganda ilitoa sera ya kusimamia taka za kielektroniki mwaka 2012, na bado betri na bodi nyingi za vijijini huishia kwenye mashimo ya takataka, risasi yake ikiwa karibu na visima na mashamba.

Yanayowezekana

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa mafundi na wateja: upimaji uwe huduma yenye bei yake, inayojulikana na kulipwa hata kama hakuna kipuri kilichouzwa. Fundi amwonyeshe mteja namba kwenye mita kabla na baada ya kazi. Mteja aliyeona 4 ikirudi kuwa 12.4 hatalalamikia malipo.

Ya pili ni ya mashirika yanayogawa au kukopesha vifaa vya sola. Kila shehena ije na fyuzi za akiba, mchoro wa kuunganisha kwa Kiswahili na lugha nyingine za makazi, na kontrola inayofunguka kwa skrubu za kawaida. Mkataba wa ununuzi useme hivyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la haki ya matengenezo linalowabana watengenezaji wa baadhi ya bidhaa kuzitengeneza hata baada ya dhamana. Wanunuzi wakubwa wa misaada, ambao baadhi yao wanatoka huko huko, hawana sababu ya kukubali kidogo zaidi kwa ajili ya Isingiro.

Ya tatu ni ya wanaofundisha ufundi kwa vijana. Mafunzo mengi huanza na kufunga mfumo mpya, kwa kuwa ndicho kinachopigwa picha. Yaanze na mfumo uliozima. Mwalimu aufiche ubovu kwenye kiunganishi, kwenye arthi, kwenye waya mwembamba, na mwanafunzi aruhusiwe kutaja kipuri baada tu ya kuonyesha vipimo vyake. Kijana atakayefaulu mtihani huo ataweza kutengeneza sola Juru, pikipiki Mbarara na boti ya watalii Ziwa Mburo, kwa sababu elimu yake imefuata umeme badala ya chapa ya kifaa.

Na ya nne ni ya kila mwenye kibanda. Skrini ikizima, usianze na nauli. Poza, mulika, kaza, safisha, pima betri, kisha pima kwa balbu. Ukifika kwenye kontrola ukiwa na volti 12 zilizosimama imara chini ya mzigo na bado skrini ni tupu, nenda dukani kwa moyo mweupe. Fedha hiyo itakuwa imenunua kitu kilichohitajika, na kitu hicho kitadumu.